Shingo ya fundi cherehani: kujichua mwenyewe bila kujiumiza

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 41, fundi cherehani hapa Chang'ombe, Dodoma. Tangu tushone sare za shule za mwezi wa kwanza, shingo na bega la kulia vinaniuma, maumivu yanapanda hadi kisogoni, na usiku najigeuza tu mpaka alfajiri. Nimemeza diklofenaki mpaka tumbo limeanza kuwaka. Kijana mmoja wa saluni alinichua, akanishika kichwa akakizungusha ghafla, shingo ikalia "kwa!" Siku ile nilipata nafuu, kesho yake nikaamka siwezi hata kugeuka kumtazama binti ninayemfundisha kazi. Kwenda kuchuliwa kila wiki sina uwezo. Naomba unifundishe kujichua mwenyewe: nianzie wapi, nitumie mafuta gani, na nguvu kiasi gani?

JIBU: Marahaba dada yangu, pole kwa kazi na pole kwa maumivu. Umeuliza mambo matatu, nami naanza na la mwisho, la nguvu, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapojiumiza. Nguvu kidogo, dada. Kidogo kuliko unavyofikiri. Yape maumivu alama: sifuri kama husikii kitu, kumi kama huvumilii. Mkono wako unapobonyeza, usivuke alama nne. Lazima uweze kuvuta pumzi na kuitoa taratibu huku umebonyeza. Ukijikuta umebana pumzi, umekunja uso au umeuma meno, umeshapita kiasi, na msuli ulio chini ya kidole unafanya kama uso wako: nao unajikunja.

Nililijua hili kwa kumuumiza mtu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimpokea mzee mmoja, mkulima wa zabibu kutoka upande wa Hombolo. Ulikuwa msimu wa kupogoa mizabibu, na mkono wake wa mkasi ulikuwa umekaza kuanzia kiganjani hadi begani. Nilikuwa kijana, nguvu ninazo, na niliamini kuwa penye ugumu panataka kidole kigumu. Nikamkandamiza kwa kiwiko. Mzee akavumilia, hakusema neno. Siku tatu baadaye alirudi na damu iliyovilia chini ya ngozi, mabaka meusi kama zabibu zenyewe, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mkono wako ni mzito." Bega lilikuwa gumu kuliko siku aliyokuja mara ya kwanza. Nilimwomba radhi, nikaanza upya kwa viganja tu, na wiki ya pili likaanza kulegea. Tangu siku hiyo, kila ninayemfundisha namwanzishia hapo.

Tuje kwa kijana wa saluni. Ule mlio haukuwa mfupa uliotoka ukarudi mahali pake, wala mshipa uliokaa vibaya ukanyooka. Ndani ya kiungo kuna ute unaokilainisha, na ndani ya ute huo kuna gesi. Kiungo kikivutwa ghafla, shinikizo la ndani linashuka, kiputo cha gesi kinajitokeza na mlio unasikika, kama unapoalisha vidole. Nafuu ya saa chache inawezekana, lakini hakuna kilichotengenezwa pale. Na hatari ipo: katika mifupa ya shingo, kulia na kushoto, hupita mishipa ya damu inayolisha sehemu ya nyuma ya ubongo. Kichwa kikizungushwa kwa nguvu, ukuta wa mshipa unaweza kuchanika na mtu akapata kiharusi. Hutokea mara chache sana, lakini kwa nini umpe mtu asiye na mafunzo nafasi hiyo? Usimruhusu tena, na wewe mwenyewe usijialishe shingo hata kama inakuita.

Sasa, kabla mkono haujagusa shingo, nijibie haya kimoyomoyo. Mkono unakufa ganzi, au umepungua nguvu kiasi kwamba mkasi unakuponyoka? Miguu nayo imekuwa mizito, au mkojo umeanza kukusumbua? Maumivu yalianza baada ya kuanguka au ajali ya bodaboda? Una homa, unatoka jasho jingi usiku, unapungua mwili bila sababu? Kifua kikuu kinaweza kukaa kwenye uti wa mgongo hata kama hukohoi. Na sisi wa nchi ya mifugo tuna brusela, ugonjwa unaopatikana kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa au kushika mfuko wa uzazi wa mnyama aliyezaa au kutupa mimba. Nao huja na homa ya kupanda na kushuka, uchovu, na maumivu ya mgongo na viungo. Wapo watu waliochuliwa miezi na miezi kumbe tatizo lilikuwa hilo, na tiba yake ni dawa za hospitali. Umewahi kutibiwa saratani? Kichwa kimekuuma ghafla kwa namna ambayo hujawahi kuisikia maishani? Kifua kinabana ukipanda ngazi au kubeba ndoo, na maumivu yanakimbilia taya au mkono? Ukijibu ndiyo hata kwa moja, weka jibu langu pembeni uende hospitali. Kwa ulivyoeleza sioni dalili hizo, ila aliye ndani ya mwili huo ni wewe.

Hizo diklofenaki, dada, ziache leo. Tumbo kuwaka ni onyo la mapema. Dawa za jamii hiyo zinaweza kuleta vidonda tumboni, kupandisha presha na kusumbua figo, hasa zikimezwa wiki kwa wiki bila kipimo. Ukiona choo cheusi kama lami au ukitapika damu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kwa sasa, kama huna tatizo la ini, parasetamo ya kawaida inaweza kukusaidia usiku: vidonge viwili vya miligramu 500, na kwa siku nzima visizidi vinane.

Haya, tuingie kwenye shingo yenyewe. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5, sawa na ule mfuko mdogo wa sembe. Ukiukumbatia mfuko huo kifuani unaweza kupiga soga na jirani nusu saa nzima. Unyooshe mkono, uushike mbali na mwili, uone kama dakika mbili zitafika. Ndivyo unavyoifanyia shingo yako tangu saa mbili asubuhi mpaka magharibi: kichwa kimeinama mbele kuifuata sindano, na misuli ya nyuma imekishikilia kisianguke. Msuli mkubwa unaoshika ukisema "bega linauma" unatoka kisogoni hadi ncha ya bega. Chini yake kuna mwingine mwembamba, unaoanzia kwenye mifupa minne ya juu ya shingo na kushuka hadi kona ya juu ya lile bapa la mfupa nyuma ya bega. Ukishindwa kugeuka, mara nyingi mlalamikaji ni huo.

Halafu kuna vijisuli vidogo sana chini kabisa ya fuvu. Hivi nataka uvijue kwa vidole vyako mwenyewe, sasa hivi. Weka ncha za vidole pale fuvu linapoishia na shingo kuanza, pembeni kidogo ya katikati. Tuliza kichwa kabisa. Sasa zungusha macho tu: kulia, kushoto, kulia, kushoto. Utasikia kitu kinacheza chini ya vidole. Umeona? Kichwa hakijasogea, ila vijisuli vile vinafuata macho. Fundi anayekaza macho kwenye mshono wa bluu juu ya kitambaa cha bluu, jioni, kwa taa hafifu, anavifanyisha kazi mchana kutwa bila kujua. Ndiyo maana maumivu yako yanapanda kichwani.

Watu watakuambia kuchua kunavunja vifundo na kutoa sumu mwilini. Hakuna sumu inayotoka, na pale pagumu hapajafungwa fundo. Ni msuli uliobaki kwenye ulinzi, pamoja na mishipa ya fahamu iliyokuwa mikali kupita kiasi, inayopeleka habari ya maumivu hata kwa kitu kidogo. Mtoto akijikwaa kidole, hukishika na kukisugua kabla hajalia. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza, walieleza kwa nini kusugua kunasaidia: ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama lango, na habari za mguso zikipita kwa wingi, za maumivu hubanwa mlangoni. Maelezo yao yamefanyiwa marekebisho mengi tangu hapo, lakini msingi wake bado tunautumia kila siku kazini. Ongeza na pumzi: ukitoa pumzi ndefu, mapigo ya moyo yanatulia na mwili unapunguza ulinzi. Kwa hiyo mkono wako una kazi ya kuubembeleza mwili mpaka uamini kwamba hatari imepita. Mwili haushawishiki kwa kupigwa.

Fanya hivi jioni, ukishafunga kazi na kuoga, au kabla ya kulala. Kwanza joto. Chukua chupa ya maji ya moto uifunge kwa kanga, uilaze kati ya shingo na bega dakika kumi. Jaribu kwanza kwa ngozi ya ndani ya mkono. Usipoweza kuvumilia kwa kuhesabu hadi kumi, ni moto mno. Kama una kisukari na ngozi yako haisikii vizuri, mwambie mtu mwingine akujaribie, maana nimeona malengelenge ya kuunguzwa na chupa kwa watu ambao hawakusikia chochote. Ikiwa ni Juni au Julai, ule upepo wa baridi wa Dodoma unapovuma usiku, usiiruke hatua hii. Mabega yanayotetemeka hayalegei.

Kaa kwenye kiti chenye egemeo. Weka mto mapajani, na mkono wako wa kulia, unaouma, uulaze juu ya mto. Hili watu hulisahau, nalo ni nusu ya kazi: mkono ukining'inia, bega linaendelea kuubeba, na huwezi kulegeza msuli ambao bado uko kazini. Sasa peleka mkono wa kushoto uvuke kifua hadi bega la kulia. Shika ule msuli wa juu kwa kiganja na vidole vyote, uuinue kidogo kama unavyoinua donge la unga wa chapati kutoka kwenye sinia: donge zima, bila kulifinya kwa kucha. Vuta pumzi kwa puani ukihesabu nne. Itoe ukihesabu sita, na huku unaitoa, shusha donge. Sogea kidogo kuelekea ncha ya bega, rudia. Mara tano au sita zinatosha. Usiharakishe, wateja wameshaondoka.

Ukikutana na mahali panapouma kwa ule uchungu mtamu, unaokufanya useme "hapo hapo", simama. Bonyeza kwa vidole viwili au vitatu, alama tatu hadi nne, kisha usifanye kitu. Tulia hapo sekunde 20 hadi 30, ukitoa pumzi taratibu. Kwa kawaida utasikia uchungu unapungua wenyewe ingawa mkono haujaachia. Hapo lile lango limeanza kuubana uchungu. Ukiwa bado umeshika, inamisha kichwa polepole kupeleka sikio la kushoto kwenye bega la kushoto, hadi pale panapoanza kuvuta, kisha rudisha. Mara tatu. Uchungu usipopungua, au ukiongezeka, punguza nguvu nusu. Bado ukigoma, achana na mahali hapo leo, uguse pembeni yake. Hata bega lisilouma lichue kidogo mwishoni, nalo limefanya kazi.

Ule msuli mwembamba wa kona ya bapa mkono haufikii vizuri, na ukijilazimisha utaumiza bega jingine. Tumia mpira wa tenisi. Sokoni kwenye mitumba unaweza kuupata. Utie ndani ya soksi ndefu, uining'inize begani kwa nyuma, kisha simama ukiegemea ukuta, mpira ukiwa kati ya uti wa mgongo na bapa. Kamwe usiuweke juu ya uti wenyewe. Kunja na kunyoosha magoti kidogo, ukishuka na kupanda kwa sentimita chache hadi upate mahali pake, kisha tulia, pumua kama nilivyosema. Ukitaka nguvu ipungue, sogeza miguu karibu na ukuta; ukitaka iongezeke, isogeze mbali. Huu ndio uzuri wa ukuta: unajipimia mwenyewe.

Mwisho wa shingo ni vile vijisuli vya macho. Lala chali, fumbata vidole vya mikono miwili nyuma ya kichwa, na dole gumba mbili ziwe chini ya fuvu, kila moja upande wake. Usibonyeze. Acha uzito wa kichwa ukae juu ya vidole, kilo zako tano zifanye kazi. Funga macho. Itikia "ndiyo" kwa kichwa, kitikiso kidogo kiasi kwamba mtu aliye mlangoni asikione. Dakika moja, basi. Mikono ikichoka, kunja taulo liwe bumba gumu kidogo uliweke pale pale. Wapo wanaolala usingizi katika hatua hii, nami nafurahi wakilala.

Upande wa mbele wa shingo usiguse. Pale pembeni ya koo ambapo ukiweka kidole unasikia mapigo, pana mshipa mkubwa wa damu na kihisio cha presha. Ukipabonyeza unaweza kuzirai. Nyuma na juu ya mabega ndiyo shamba lako, mbele si kwako.

Kuhusu mafuta: kwa haya yote ya kushika na kubonyeza, hutaki mafuta kabisa, maana mkono utateleza. Fanya juu ya gauni jepesi au kanga. Mafuta yanatakiwa pale unapopitisha mkono kwa urefu, kama kwenye mikono na miguu, na kazi yake ni kupunguza msuguano tu. Alizeti uliyo nayo jikoni, iliyokamuliwa hapa hapa kwetu au Singida, inafaa kabisa. Ufuta pia, nyonyo ni mazito lakini hayadhuru. Mafuta ya nazi ni mazuri, ila huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi ya Julai utayakuta kwenye chupa yamekuwa meupe kama samli. Yakande kwanza kiganjani. Hakuna mafuta yanayopenya hadi kwenye mfupa, hata muuzaji akikuapia. Dawa za kuchua zinazochoma na kupoza, zenye mentoli na kafuri, unaweza kuzitumia kidogo. Hisia ile inasaidia kubana lango. Ila usizipake dawa hizo halafu ukaweka chupa ya moto juu yake, ngozi itaungua. Na osha mikono kabla hujagusa macho. Mtu anayetumia dawa za kuyeyusha damu, au anayedhurika na asprini, amuulize mfamasia kwanza.

Umesema shingo na bega tu, lakini fundi akiniandikia naulizia pia mkono wa mkasi. Misuli inayofungua na kufumba mkasi haiko kiganjani. Imekaa juu, karibu na kiwiko. Tia matone machache ya alizeti, ulaze mkono juu ya meza, na kwa upande wa ngumi ya mkono wa pili panda polepole kutoka kifundo cha mkono kuelekea kiwiko, mara nane hivi, juu na chini ya mkono. Kisha pasugue pale kwenye mnofu chini ya dole gumba kwa miduara midogo. Lakini ukiona dole gumba, cha shahada na cha kati vinakufa ganzi usiku, unaamka na kukung'uta mkono kama unayekung'uta maji, hapo mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kifundo. Kuchua hakutautoa. Lala kifundo kikiwa kimenyooka, ukifunge na kipande cha kadibodi na kitambaa laini, na uje tukupime kabla nguvu ya dole gumba haijapungua.

Na pini, dada. Unazishika wapi? Mafundi wengi ninaowajua huzibana kwa meno wakati wa kupima na kupinda. Taya inayobana pini siku nzima inaendelea kubana hata usiku, na msuli wake hupeleka maumivu kwenye kipaji na pembeni ya jicho. Weka vidole mashavuni, uma meno. Kinachovimba chini ya vidole ndicho chenyewe. Achia meno, mdomo uwe wazi kidogo, ukichue kwa miduara ya polepole dakika moja. Halafu shona kimto cha pini ukifunge kwa utepe kwenye mkono wa kushoto. Kimto hicho kitakusaidia kuliko mikono yangu.

Miguu ya pedali: viringisha unyayo juu ya chupa ya soda, ukiwa umekaa, dakika moja kila mguu, inatosha. Isipokuwa shavu moja la mguu likivimba, liwe la moto na liume kuliko jingine. Hilo usilichue kamwe, linaweza kuwa na donge la damu, na donge likisafiri hadi mapafuni linaua. Kimbia hospitali.

Ukiacha zile dakika kumi za joto, yote niliyoeleza hayazidi dakika 15, pamoja na kutafuta soksi ilipo. Fanya kila siku, kidogo kidogo. Dakika 10 za kila jioni zinashinda saa nzima ya kukamuliwa Jumamosi. Kesho yake ukisikia uchungu hafifu ni kawaida. Ukiona alama ya damu kuvilia, au uchungu umepita siku nzima, ulibonyeza sana.

Sasa jambo ambalo ningependa ulishike hata ukisahau mengine. Nafuu ya kuchua ni ya muda mfupi, saa chache, pengine siku mbili. Ile ni nafasi, na nafasi hutumiwa. Shingo ikishalegea, itembeze: geuka kulia na kushoto taratibu mpaka inapokubali, zungusha mabega kwenda nyuma mara kumi, rudisha kidevu nyuma kama mtu anayekwepa kofi, uhesabu tano, mara nane. Na mara tatu kwa wiki, tafuta utepe wa tyubu ya baiskeli, uufunge kwenye nondo za dirisha, ushike ncha mbili na kuvuta viwiko kwenda nyuma mpaka mabapa ya mabega yakaribiane. Mara kumi, pumzika, mara kumi tena, hadi raundi tatu. Msuli wenye nguvu hauchoki mapema kukibeba kile kichwa. Wanaofanya hivi kwa miezi miwili hurudi kunisalimu tu.

Na kiti chako. Sijakiona, lakini ukiniambia ni kistuli kifupi sitashangaa. Kiti kikiwa chini, mabega lazima yapande kuifikia meza. Kaa mbele ya cherehani, weka mikono kama unasukuma kitambaa: viwiko viwe usawa wa meza au juu yake kidogo, mabega yamelala. Kama sivyo, ongeza mto mgumu wa vitambaa vya mabaki mpaka viwe hivyo, na kama miguu inaning'inia kwenye pedali, punguza. Sogeza taa iwe karibu na sindano ili usiifuate kwa kichwa. Kitambaa kizito kama cha makoti kipe meza ya pili ya kulalia upande wa kushoto, usikibebe kwa mkono. Na kila ukimaliza sketi moja, simama, nenda hadi mlangoni, tazama mbali barabarani mpaka macho yatulie, kisha rudi. Mwezi wa kwanza utaniambia hakuna muda huo. Naelewa, wazazi wamepanga foleni na shule zinafunguliwa. Huo ndio mwezi ambao unauhitaji muda huo zaidi.

Jipe wiki tatu. Usiku ndio utakuwa kipimo chako: hesabu mara unazoamka, uandike kwenye lile daftari la vipimo vya wateja. Zikipungua, endelea. Zikibaki vile vile, au dalili yoyote kati ya zile za mwanzo ikitokea, nenda kitengo cha fiziotherapia, yaani tiba ya misuli na viungo, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na daftari hilo ulichukue, litatueleza mengi.

Kimoja cha mwisho, kwa kuwa wewe ni fundi. Ukikosa mpira wa tenisi, shona kifuko cha kitambaa kigumu, ukubwa wa ngumi, ukijaze uwele mkavu mpaka ukibonyeza kinabonyea kidogo tu, kisha kitie kwenye soksi. Kinakaa ukutani vizuri kuliko mpira, hakitelezi. Shona viwili. Cha pili mpe huyo binti, maana naye anainama kwenye meza ile ile, kwenye taa ile ile, na shingo yake bado haijaanza kuuma.